Huduma za Kibingwa za Mifupa kwa Watoto Zanzibar: Maradhi, Majeraha na Njia za Rufaa

Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda, au aliyevunjika mkono kwa kuanguka mtini, ana nafasi kubwa ya kupona na kurudi skuli na kiwanjani kama wenzake, iwapo atafikishwa mapema kwa mtaalamu anayestahiki. Akicheleweshwa, tatizo lile lile huweza kumwachia ulemavu wa maisha. Makala haya yanaeleza maradhi na majeraha ya mifupa yanayowapata watoto kwa wingi, tiba zake, dalili za hatari ambazo wazazi na walezi wanapaswa kuzitambua, na ngazi za huduma kuanzia kituo cha afya cha shehia hadi hospitali za rufaa za Unguja na Tanzania Bara.

Kwa nini mifupa ya mtoto huhitaji utaalamu wake

Fani ya tiba ya mifupa ilipata jina lake kwa sababu ya watoto. Mwaka 1741 daktari wa Kifaransa Nicolas Andry aliliunda jina hilo kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya "nyoofu" na jingine lenye maana ya "mtoto". Alilenga kuzuia na kurekebisha maumbile yaliyopinda kwa watoto, na ni baadaye ndipo fani ilipopanuka na kuwahudumia watu wa umri wote.

Mfupa wa mtoto ni laini zaidi kuliko wa mtu mzima, nao umefunikwa na utando mnene wenye damu nyingi. Kwa sababu hiyo mara nyingine hupinda na kupasuka upande mmoja tu, mfano wa kijiti kibichi kinapokunjwa. Utando huo ndio unaoufanya mfupa wa mtoto kuunga haraka: mvunjiko unaomchukua mtu mzima miezi mitatu huweza kuunga kwa mtoto mdogo ndani ya wiki chache.

Tofauti kubwa zaidi iko karibu na ncha za mifupa mirefu, ambako kuna tabaka laini ambalo kwalo mfupa hurefuka. Jeraha linalopita katika tabaka hilo, lisipotibiwa vizuri, huweza kusimamisha ukuaji wa upande mmoja, na mkono au mguu ukawa mfupi au ukapinda kadiri mtoto anavyokua. Madhara hayo huenda yasionekane mpaka baada ya mwaka au zaidi. Ndiyo maana daktari humtaka mtoto arudi kliniki hata pale mzazi anapoona kuwa amekwishapona.

Mguu kifundo

Miongoni mwa maumbile ya kuzaliwa yanayohitaji tiba ya mifupa, linalofahamika zaidi ni mguu kifundo, yaani unyayo uliogeukia ndani na chini. Hukadiriwa kuwa duniani kote mtoto mmoja katika kila watoto 1,000 huzaliwa na hali hii, na wavulana hupatwa zaidi kuliko wasichana. Takribani nusu ya watoto hao huathirika miguu yote miwili.

Kwa watoto walio wengi chanzo chake hakijulikani. Hakitokani na jambo alilolitenda mama wakati wa ujauzito, wala si adhabu, wala si husuda ya jirani. Mama hastahiki kulaumiwa, na mtoto hastahiki kufichwa ndani. Kila wiki anayofichwa ni wiki ya tiba iliyopotea.

Njia inayotumika leo karibu duniani kote ni ile ya Dkt. Ignacio Ponseti, mzaliwa wa kisiwa cha Menorca, Hispania, aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Ponseti aligundua kwamba miguu iliyofanyiwa upasuaji mkubwa utotoni hukakamaa na kuuma ukubwani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 alibuni utaratibu wa kuunyoosha mguu polepole kwa mikono na kuufunga plasta gumu, ambayo wengi huiita hogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionesha kuwa zaidi ya miaka 30 baada ya tiba, asilimia 78 ya wagonjwa wake walikuwa na matokeo mazuri au mazuri sana. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 3 Juni, ndiyo inayoadhimishwa kuwa Siku ya Mguu Kifundo Duniani.

Tiba hiyo ina hatua tatu. Kwanza, mtoto hufungwa hogo kuanzia pajani hadi vidoleni, na hogo hilo hubadilishwa kila wiki. Kwa kawaida huhitajika mahogo matano hadi saba. Pili, watoto wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino kwa ganzi, shughuli ya dakika chache, kisha hufungwa hogo la mwisho kwa wiki tatu ili kano iote upya ikiwa ndefu zaidi. Tatu, mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa ufito. Kwa miezi mitatu ya mwanzo huvaa saa 23 kwa siku, na baada ya hapo usiku na wakati wa usingizi wa mchana, hadi afikie umri wa miaka minne au mitano.

Hatua ya tatu ndiyo inayowashinda wengi. Mguu umekwisha kunyooka, mtoto analia anapovalishwa, na wanafamilia wanaona hakuna haja tena. Hata hivyo, kuacha viatu ndiyo sababu kubwa ya mguu kurudi ulivyokuwa. Familia yenye mtoto wa aina hii inashauriwa kukubaliana tangu mwanzo kuwa baba, mama, bibi na yeyote anayemlea watashika utaratibu mmoja. Viatu vikimbana au kumchubua, apelekwe kliniki virekebishwe, visiwekwe kabatini.

Tiba huanza vyema zaidi katika wiki za mwanzo baada ya kuzaliwa. Mtoto aliyechelewa naye apelekwe, kwa kuwa njia hiyo hiyo imewasaidia hata watoto waliokwisha kuanza kutembea, ingawa huhitaji mahogo mengi zaidi na pengine upasuaji. Uganda na Malawi zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo Barani Afrika kuonesha kuwa maafisa tabibu na wataalamu wa fiziotherapia waliofunzwa vizuri wanaweza kuitoa huduma hii bila ya kusubiri daktari bingwa kila mahali.

Matege: lipi la kawaida, lipi la kutibiwa

Wazazi wengi huingiwa na hofu wanapoona miguu ya mtoto imepinda. Hofu hiyo mara nyingi haina msingi. Watoto karibu wote huwa na matege mpaka wafikie umri wa takribani miaka miwili. Baadaye, katika umri wa miaka mitatu au minne, magoti huelekea kugusana. Kufikia takribani miaka saba miguu hunyooka yenyewe. Unyayo bapa kwa mtoto mdogo asiyeumwa pia ni jambo la kawaida.

Mtoto apelekwe kwa daktari iwapo matege yanazidi baada ya miaka miwili, yapo mguu mmoja tu, yanaambatana na maumivu au kuchechemea, au mtoto ni mfupi kuliko wenzake na ana uvimbe kwenye vifundo vya mikono. Dalili hizo huweza kuashiria upungufu wa vitamini D au madini ya kalsiamu.

Huweza kushangaza kwamba upungufu wa vitamini D hutokea katika visiwa vyenye jua la mwaka mzima. Mwili hutengeneza vitamini hiyo pale ngozi inapopata jua, ilhali mtoto anayelelewa ndani ya nyumba yenye kuta nene katika vichochoro vya Mji Mkongwe huweza kupitisha siku nzima bila ya kuguswa na mwanga wake. Maziwa ya mama nayo, pamoja na ubora wake mkubwa, yana kiasi kidogo cha vitamini D. Kumtoa mtoto nje kila siku na kumpa vyakula vyenye kalsiamu, kama vile maziwa na dagaa wanaoliwa pamoja na miba yao, ni kinga iliyo karibu na kila familia. Vidonge au matone ya vitamini yatumiwe kwa maelekezo ya mhudumu wa afya.

Mivunjiko na ajali

Mazingira ya Unguja yana hatari zake. Watoto hupanda miembe, mizambarau na minazi, na wakati wa mavuno hupanda mikarafuu. Nyumba za kale za Mji Mkongwe zina ngazi za kusimama na roshani ndefu. Barabarani kuna Vespa, bodaboda na daladala. Forodhani, vijana hujirusha baharini kutoka ukutani, na maji yanapokuwa yamekupwa huweza kugonga kichwa chini na kuumia shingo.

Mvunjiko unaohitaji uangalifu wa pekee ni ule wa juu kidogo ya kiwiko, unaotokea zaidi kwa watoto wa miaka mitano hadi saba walioanguka na kutanguliza mkono. Mshipa mkubwa wa damu na mishipa ya fahamu hupita hapo hapo, na mfupa uliohama huweza kuibana. Mvunjiko uliohama sana hurudishwa mahali pake katika chumba cha upasuaji na kushikizwa kwa pini nyembamba za chuma, ambazo kwa kawaida hutolewa baada ya wiki tatu au nne.

Hatari huongezeka pale mkono unapofungwa kwa nguvu. Mwaka 1881 daktari wa Kijerumani Richard von Volkmann alieleza jinsi misuli inayokosa damu ndani ya bandeji iliyobana inavyokufa na kukakamaa, vidole vikabaki vimejikunja daima. Misuli iliyokosa damu huanza kuharibika ndani ya takribani saa sita. Mkono ulioharibika kwa namna hiyo haurudi tena kuwa kama ulivyokuwa.

Hapa ndipo penye suala la waganga wa jadi wanaounga mifupa. Wananchi wengi huwaendea kwa sababu wako karibu, wanafahamika na hawana foleni. Mivunjiko midogo iliyokuwa itaunga yenyewe huwajengea sifa. Lakini mganga hana picha ya eksirei ya kuonesha kama mfupa umehama au tabaka la ukuaji limeumia, na banzi za miti zilizokazwa kwa kamba ni miongoni mwa sababu za mikono ya watoto kupooza au kukatwa. Familia inayomwamini mganga wake inashauriwa kwanza ipate picha na maelezo ya daktari. Mganga mwema naye atamwelekeza mtoto hospitali kabla ya kumgusa.

Mtoto anapoumia, yafuatayo yazingatiwe:

- Asivutwe, asikandwe wala kusuguliwa sehemu iliyoumia.
- Mkono au mguu utulizwe kama ulivyo, kwa kipande cha boksi gumu au ubao uliofungwa kwa kanga bila ya kubana.
- Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi. Mfupa unaoonekana nje usirudishwe ndani, na mtoto afikishwe hospitali mara moja kwa dawa na chanjo ya pepopunda.
- Asipewe chakula wala kinywaji njiani, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi.
- Aliyeumia shingo au mgongo asiinuliwe kwa kushikwa mikono na miguu. Alazwe juu ya ubao, kichwa kikiwa kimeshikwa kisicheze.

Baada ya kufungwa hogo, mzazi aviangalie vidole vya mtoto mara kwa mara. Vikipauka, vikiwa vya baridi, vikifa ganzi, mtoto akishindwa kuvichezesha au maumivu yakizidi licha ya dawa, arudishwe hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane. Kusubiri asubuhi kunaweza kumgharimu mkono.

Mtoto mchanga ambaye bado hajaanza kutembea si rahisi kuvunjika kwa bahati mbaya. Mvunjiko wa aina hiyo huchunguzwa kwa kina, na mhudumu anayeuliza maswali anatimiza wajibu wake. Pale panaposhukiwa udhalilishaji, kipo Kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, pamoja na simu ya msaada kwa watoto nambari 116.

Homa na mtoto asiyetaka kutembea

Si kila tatizo la mfupa huanza kwa ajali. Vijidudu vinavyosafiri katika damu huweza kutua katika mfupa au kiungo na kufanya usaha. Mtoto hupata homa, hukataa kukanyaga au kutumia mkono, na hulia anapoguswa. Mara nyingi familia hukumbuka kuwa alianguka siku chache kabla, ikadhani ameteguka, akakandwa kwa mafuta huku usaha ukila mfupa.

Usaha ndani ya kiungo, hasa nyonga, ni dharura. Huhitaji kutolewa kwa upasuaji bila ya kuchelewa, kwani huharibu gegedu na kichwa cha mfupa wa paja. Ifahamike pia kuwa picha ya eksirei huweza kuonekana salama katika siku 10 za mwanzo, hivyo daktari hutegemea zaidi uchunguzi wa mwili na vipimo vya damu. Matibabu ya antibayotiki huchukua wiki kadhaa na hayapaswi kukatizwa homa inaposhuka.

Watoto wenye selimundu wanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu maumivu ya mifupa yanayotokana na maradhi yao hufanana na yale ya uambukizi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani. Mzazi wa mtoto wa aina hii amweleze kila mhudumu mpya juu ya hali hiyo. Kibiongo kinachojitokeza taratibu pamoja na kukonda kichunguzwe haraka, kwa kuwa kifua kikuu huweza kushambulia uti wa mgongo.

Mgongo wazi na mtindio wa ubongo

Baadhi ya watoto hupata matatizo ya miguu kwa sababu ya mishipa ya fahamu. Mtoto mwenye mgongo wazi huweza kuwa pia na miguu kifundo na ganzi ya nyayo. Zanzibar ina Taasisi ya NED katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, iliyoanzishwa kwa ushirikiano na taasisi ya Kihispania chini ya Dkt. José Piquer, ambayo hutoa huduma za upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, wakiwemo watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Kabla ya huduma hiyo kuwepo Unguja, familia zililazimika kuvuka bahari.

Sehemu kubwa ya visa vya mgongo wazi huweza kuzuiliwa. Mwanamke anayetarajia kupata ujauzito anashauriwa kutumia vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, kabla ya kushika mimba na katika wiki 12 za mwanzo. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya takribani siku 28 baada ya mimba kutunga, wakati ambao wengi hawajajijua kuwa ni wajawazito.

Watoto wenye mtindio wa ubongo nao hunufaika na fiziotherapia, vifaa saidizi na mara nyingine upasuaji wa kano zilizokaza. Lengo huwekwa kwa kila mtoto kwa nafasi yake: huyu atembee, yule akae vizuri kitini na kula bila ya taabu.

Ngazi za huduma

Safari ya mtoto huanza katika kituo cha afya kilicho karibu, au kwa mhudumu wa afya wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya anayetembelea kaya. Kila mtoto mchanga anapaswa kuangaliwa nyayo, nyonga na mgongo kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Mzazi ana haki ya kuomba uchunguzi huo iwapo haukufanyika.

Kutoka hapo mtoto hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, au Hospitali ya Mkoa ya Lumumba kwa wakaazi wa Mjini Magharibi. Kisiwani Pemba ipo Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani. Ngazi ya juu ya rufaa Zanzibar ni Hospitali ya Mnazi Mmoja, iliyopo pembezoni mwa Mji Mkongwe ikiikabili bahari. Madaktari kutoka Jimbo la Jiangsu, China, wamekuwa wakifanya kazi Zanzibar pamoja na wenzao wazalendo tangu mwaka 1964.

Matatizo yanayohitaji utaalamu zaidi hupelekwa Tanzania Bara. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, hutibu mifupa, uti wa mgongo na ubongo. Hospitali ya CCBRT, Msasani, Dar es Salaam, ina uzoefu wa muda mrefu wa miguu kifundo na ulemavu mwingine wa watoto. Moshi ipo Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, na pembeni yake chuo cha TATCOT, ambacho tangu mwaka 1981 kimekuwa kikiwafunza mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Kabla ya kusafiri, mzazi ahakikishe anayo barua ya rufaa, kadi ya kliniki ya mtoto, picha zote za eksirei na majina ya dawa alizotumia. Wanachama wa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar (ZHSF) waulize mapema ni huduma zipi zinazogharamiwa na katika hospitali zipi. Aliye na uzito wa nauli au malazi alieleze jambo hilo kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya tarehe ya miadi, kwani mtoto anayekosa miadi ya hogo hupoteza sehemu ya alichokwisha kukipata.

Mtoto atakayebaki na ulemavu baada ya tiba anabaki na haki zake zote, ikiwemo ya kusoma pamoja na wenzake. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu Zanzibar ndicho chombo kinachosimamia masuala hayo, na sheha wa eneo huweza kuielekeza familia namna ya kulifikia.

Wananchi wanaombwa kuzingatia kuwa katika tiba ya mifupa ya watoto muda una thamani kuliko kifaa chochote. Mtoto mwenye unyayo uliopinda aanze tiba katika wiki za mwanzo za maisha yake. Aliyevunjika afikishwe hospitali siku ile ile. Mwenye homa na asiyetaka kukanyaga asilale nyumbani akisubiri kupona mwenyewe.